Kibofu Nacho Husikia Homoni

Wanaume watatu kwa mwanamke mmoja

Saratani ya kibofu cha mkojo huwapata wanaume mara tatu hadi nne zaidi ya wanawake. Mwaka 2020 dunia ilikadiriwa kuwa na wagonjwa wapya 573,000 hivi, na kama 440,000 kati yao walikuwa wanaume. Swali linalofuata hesabu hiyo huwa ni lilelile, liulizwe Dar es Salaam, Mombasa au kwenye mabenchi ya kusubiria ya hospitali ya Kibagabaga, jijini Kigali: kazi ya kibofu ni kutunza mkojo, na mkojo kila mtu anao, mbona ugonjwa unachagua?

Jibu la kwanza, na hadi leo ndilo zito kuliko yote, ni tumbaku. Sumu za moshi haziishii mapafuni. Huingia kwenye damu, figo huzichuja, kisha hukaa kibofuni saa kadhaa hadi mtu aende haja ndogo. Kwa mvutaji wa miaka mingi, ukuta wa kibofu haupati siku ya mapumziko. Katika nchi zenye historia ndefu ya sigara, karibu nusu ya saratani za kibofu huhesabiwa kuwa zimetokana na tumbaku.

Jibu la pili ni kazi. Mwaka 1895 daktari mpasuaji wa Frankfurt, Ludwig Rehn, aliona uvimbe wa kibofu kwa wafanyakazi wa kiwanda cha rangi. Baadaye ilijulikana kwamba wenye hatia walikuwa kemikali za jamii ya amini zilizotumika kutengeneza rangi hizo, na ndugu wa kemikali hizo wamo pia kwenye moshi wa sigara. Viwanda vya namna hiyo viliajiri wanaume, na sigara nazo walizivuta wao zaidi.

Hesabu ikaonekana imekamilika. Lakini watafiti walipolinganisha wanaume na wanawake ambao hawajawahi kuvuta wala kufanya kazi hizo, wanaume walibaki mbele. Pengo lilipungua, halikuziba. Na lipo jambo la pili linalokwenda kinyume: wanawake huupata ugonjwa huu mara chache, ila wakiupata, mara nyingi zaidi hugunduliwa ukiwa umeshazama kwenye misuli ya kibofu, na matokeo yao huwa mabaya zaidi. Maelezo yoyote yenye maana hayana budi kugusa mambo yote mawili.

Ndugu wa tumbo moja

Katika mimba changa, kijusi huwa na kifuko kimoja kidogo chini ya tumbo. Kutokana na kifuko hicho hutokea sehemu kubwa ya kibofu, mrija wa mkojo, tezi dume kwa mvulana, na sehemu ya chini ya uke kwa msichana. Kwa asili, basi, kibofu na tezi dume ni ndugu.

Tezi dume hukua na kuishi kwa kutegemea homoni za kiume. Mwaka 1941, huko Chicago, Charles Huggins alionyesha kwamba mgonjwa wa saratani ya tezi dume akiondolewa korodani, saratani hunywea. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Ingeshangaza kama ndugu yake tezi hiyo angekuwa kiziwi kabisa kwa homoni zilezile.

Wanawake waliokoma hedhi wana ushahidi wao. Estrojeni, homoni kuu ya kike, ikipungua, ngozi ya ndani ya uke na ya njia ya mkojo huwa nyembamba na kavu. Haja ndogo huja mara kwa mara, mkojo huchoma, na maambukizi ya njia ya mkojo, ambayo wengi huyaita UTI, hurudi kila baada ya muda. Estrojeni kidogo ya kupaka ukeni hupunguza marudio hayo.

Mgeni asiyebisha hodi

Homoni ni ujumbe wa kikemikali. Hutengenezwa na tezi moja, husafiri kwa damu, na kufanya kazi mahali pengine. Testosteroni hutoka hasa kwenye korodani, na estrojeni hasa kwenye ovari, yaani viungo vinavyotunza mayai ya mwanamke. Lakini kila mtu, wa kiume na wa kike, anazo zote mbili kwa viwango tofauti, na tezi ndogo zinazokaa juu ya figo huchangia kidogo. Homoni za kiume kwa jumla yake huitwa androjeni.

Damu huzipeleka homoni kila pembe ya mwili, ila si kila seli inazisikia. Seli inayosikia ni ile yenye kipokezi, yaani protini iliyoumbwa ishikane na homoni fulani. Vitabu vingi hulifananisha jambo hili na kufuli na ufunguo. Kwa homoni za uzazi mfano huo unapotosha, kwa sababu kufuli hukaa mlangoni, na vipokezi hivi viko ndani ya nyumba.

Afadhali kuzifikiria zile nyumba za mlima wa Kibagabaga zenye ukuta na geti. Homoni za uzazi zina asili ya mafuta, kwa hiyo hupenya utando wa seli bila kubisha hodi. Ndani yumo mwenyeji anayemngoja mgeni huyo na si mwingine. Wakishashikana mikono, wawili hao hufanya kazi katika chumba cha ndani kabisa, yaani kiini cha seli, ambamo yametunzwa maagizo ya urithi yaitwayo jeni. Huko hufungua kurasa fulani na kufunga nyingine: jeni hii ianze kazi, ile ilale. Kwenye nyumba isiyo na mwenyeji huyo, mgeni huingia na kutoka na hakuna kinachobadilika.

Kwa kibofu, wenyeji watatu ndio wanaozungumzwa zaidi:

- Kipokezi cha androjeni. Hushikana na testosteroni na binamu yake mwenye nguvu zaidi, dihidrotestosteroni. Jeni yake iko kwenye kromosomu X, ambayo wanaume na wanawake wote wanayo, kwa hiyo mwanamke naye anacho.
- Kipokezi cha estrojeni cha alfa. Ndicho kilichotangulia kujulikana, kupitia kazi ya Elwood Jensen huko Chicago mwishoni mwa miaka ya 1950, na ndicho kinachopimwa kwenye saratani ya titi.
- Kipokezi cha estrojeni cha beta. Kiligunduliwa Sweden mwaka 1996, kwenye tezi dume ya panya. Katika kibofu, hiki ndicho kinachoonekana kwa wingi kuliko cha alfa.

Panya wa Rochester

Maabara nyingi hutumia kemikali moja inayojulikana kwa kifupi kama BBN. Panya akinywa maji yaliyotiwa BBN kwa wiki kadhaa, hupata saratani ya kibofu. Tangu mapema miaka ya 1970 ilijulikana kwamba panya dume huipata haraka na kwa wingi kuliko jike, na kwamba ukizichezea homoni zao tofauti hiyo hubadilika. Panya hawavuti sigara na hawajawahi kuajiriwa kiwandani. Tofauti yao ilikuwa ya mwilini tu.

Mwaka 2007 kundi la Hiroshi Miyamoto na Chawnshang Chang, huko Rochester katika jimbo la New York, lilikwenda hatua moja mbele. Walichukua panya waliozaliwa bila kipokezi cha androjeni, wakawapa BBN pamoja na panya wa kawaida. Kati ya madume ya kawaida, asilimia 92 walipata saratani. Kati ya majike ya kawaida, asilimia 42. Kati ya panya wasio na kipokezi, dume kwa jike, hakupata hata mmoja.

Katika jaribio hilohilo madume ya kawaida yaliyohasiwa bado yalipata saratani kwa asilimia 50. Namba hiyo husahaulika, nayo ina uzito wake. Kuondoa korodani kulipunguza ugonjwa, ila kukikosa kipokezi chenyewe ndiko kulikoufuta. Maelezo rahisi ni kwamba mwenyeji akiwepo, hata mgeni mdogo anayetoka kwenye tezi za juu ya figo anamtosha, na huenda wakati mwingine huanza kazi bila kumsubiri mgeni. Majike nayo yana androjeni kidogo na yana kipokezi. Labda hiyo ndiyo sababu asilimia 42 hawakusalimika.

Kwa ufupi: kwa panya, kipokezi cha androjeni kinahitajika ili kemikali hiyo igeuze kibofu kuwa na saratani. Binadamu si panya, na hakuna anayekunywa BBN kwa kikombe. Lakini baada ya matokeo hayo swali halikuwa tena kama homoni zinahusika, bali zinahusika kwa njia gani.

Njia mbili za madhara

Njia ya kwanza ni usafi. Ngozi ya ndani ya kibofu ina vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha kazi za kikemikali, ambavyo hukamata sumu kama zile amini za moshi na kuzifunga ili zitoke na mkojo bila kugusa kitu. Kundi moja la vimeng'enya hivyo huitwa UGT. Katika seli za kibofu, kipokezi cha androjeni kikiamka, utengenezaji wa UGT hushuka. Ni sawa na nyumba ambayo mwenyeji amewapunguza wafagiaji: takataka zilezile, wa kuzitoa wachache. Ndiyo maana sigara na homoni si majibu mawili yanayogombana. Homoni inaweza kuamua sigara ileile itamdhuru nani zaidi.

Njia ya pili ni ulinzi. Mwili una chembe nyeupe za damu zinazoitwa seli T, ambazo husaka na kuua seli zilizoharibika. Zikipigana muda mrefu huchoka: bado zipo, lakini haziui. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State nchini Marekani walionyesha kwamba ndani ya uvimbe wa kibofu wa panya dume, ishara za androjeni husukuma seli T zichoke mapema kuliko za majike. Hapa kipokezi kinachofanya kazi kimo ndani ya askari, si ndani ya seli ya saratani.

Estrojeni, mgeni mwenye sura mbili

Kwa androjeni hadithi inanyooka. Kwa estrojeni inapinda.

Utafiti mkubwa wa afya ya wauguzi wa Marekani uliona kwamba wanawake waliokoma hedhi mapema, kufikia miaka 45, walipata saratani ya kibofu zaidi ya waliokoma wakiwa na miaka 50 na kuendelea. Tafiti kadhaa pia zimeona hatari ndogo kidogo kwa wanawake waliozaa. Hayo yanaelekea kusema kwamba estrojeni hulinda. Kwa panya, kipokezi cha alfa kikiondolewa saratani huongezeka, na hilo linakubaliana na wauguzi. Lakini kipokezi cha beta kikiondolewa saratani hupungua, na katika tafiti nyingi za binadamu uvimbe mkali zaidi ndio unaokuwa na beta nyingi zaidi. Homoni moja, wenyeji wawili, tabia mbili.

Kama hali ni hiyo, inaanza kueleweka kwa nini mwanamke anaweza kukingwa dhidi ya kuanza kwa ugonjwa na bado asikingwe dhidi ya ukali wake. Kueleweka si kuthibitishwa, na wino mwingi umemwagika kwa kuchanganya mambo hayo mawili.

Vipimo vyenyewe vina utata. Kipande cha uvimbe hukatwa chembamba, hubandikwa kwenye kioo, kisha hutiwa kingamwili iliyounganishwa na rangi. Penye kipokezi, kiini cha seli huwa cha kahawia. Maabara moja huita uvimbe "chanya" ikiona seli chache za kahawia, nyingine hutaka nyingi, na kingamwili zenyewe hazilingani kwa ubora. Ndiyo maana ripoti hutofautiana sana kuhusu ni vivimbe vingapi vya kibofu vyenye kipokezi cha androjeni. Jambo linalojirudia katika nyingi ni hili: vivimbe vya mwanzo, visivyozama, huwa nacho zaidi, na vilivyozama huwa nacho kidogo. Ni kana kwamba saratani humhitaji mwenyeji huyo wakati wa kujenga msingi, kisha humfukuza.

Mdudu anayeiga homoni

Afrika Mashariki ina sura yake ya ugonjwa huu, nayo hupitia kichocho. Kipo cha aina mbili kuu. Cha utumbo ndicho kinachojulikana Rwanda, kando ya maziwa kama Muhazi na Kivu. Cha mkojo hupatikana Unguja, Pemba, pwani ya Kenya na sehemu nyingi za Tanzania bara. Minyoo yake hukaa kwenye mishipa ya damu inayozunguka kibofu na kutaga mayai yanayokwama ukutani. Aliyekulia Gasabo, wilaya ya jiji la Kigali, bila kuoga maji ya maeneo hayo hana sababu kubwa ya kukihofia. Aliyekulia Mwanza au Pemba ni vema amtajie daktari.

Uhusiano wa kichocho cha mkojo na saratani ulielezwa Misri mwaka 1911 na A. R. Ferguson, na mwaka 1994 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilimweka mdudu huyo kwenye kundi la visababishi vya uhakika. Maelezo ya kawaida ni kidonda kisichopona: mayai huumiza ukuta, ukuta hujirekebisha, hadi siku moja urekebishaji unakwenda kombo. Aina ya saratani inayotokea mara nyingi ni ya seli bapa, tofauti na ile ya wavutaji.

Watafiti wa Ureno wakaongeza jambo lisilotarajiwa. Ndani ya minyoo hiyo na mayai yake walikuta molekuli zinazofanana na estrojeni. Zikitiwa kwenye seli, hupunguza utengenezaji wa kipokezi cha estrojeni cha mwenye mwili, na baadhi hugeuka kuwa aina inayoweza kung'ang'ania jeni na kuziharibu. Huenda, basi, mdudu hachubui ukuta tu. Hujifanya mgeni wa nyumbani na kuvuruga mapokezi. Kampeni za dawa ya praziquantel huko Zanzibar zimepunguza sana kichocho hicho, na kila mtoto asiyeambukizwa amepunguziwa pia njia hiyo ya saratani.

Si homoni peke yake

Mwanamume na mwanamke hawatofautiani kwa homoni tu. Mwanamke ana kromosomu X mbili. Mwaka 2018 ilionyeshwa kwa panya kwamba X ya pili yenyewe, hata homoni zikisawazishwa, hupunguza saratani ya kibofu, kupitia jeni iitwayo KDM6A ambayo hufanya kazi kwenye X zote mbili. Kwa wanaume, kromosomu Y hupotea kutoka kwenye baadhi ya seli kadiri umri unavyosonga, na sigara huharakisha upotevu huo katika damu. Mwaka 2023 watafiti wa Los Angeles waliripoti kwamba uvimbe wa kibofu uliopoteza Y huwachosha askari wa mwili na kukua kwa kasi, ila pia huitikia vizuri zaidi dawa zinazoamsha askari hao.

Dawa zilizopo na zinazongojwa

Msomaji atauliza: kama androjeni zinachochea, kwa nini wagonjwa wasipewe dawa za tezi dume? Dalili za kutia moyo zipo. Huko Marekani, wanaume waliokuwa wakitumia finasteride, dawa ya kupunguza uvimbe wa tezi dume, walionekana kupata saratani ya kibofu kwa uchache. Huko Japani, wenye saratani ya tezi dume waliozimiwa androjeni walionekana kurudiwa na uvimbe wa kibofu mara chache zaidi. Lakini watu hao hawakupigiwa kura nani apewe dawa na nani asipewe; huenda walitofautiana kwa mengine. Majaribio yenyewe, ya dawa za kuzuia androjeni na ya tamoksifeni inayotumika kwa saratani ya titi, bado ni madogo, na hakuna lililobadilisha matibabu. Kuzima androjeni nako kuna gharama: mifupa hudhoofu, nguvu hupungua, hamu ya tendo la ndoa hutoweka.

Tiba ya kawaida ya uvimbe usiozama ni kuukwangua kwa kifaa kinachopitishwa kwenye njia ya mkojo, kisha, kwa wenye hatari kubwa ya kurudiwa, kujaza kibofuni BCG. Ni chanjo ileile ya kifua kikuu inayoacha kovu kwenye mkono wa mtoto. Tangu Alvaro Morales aripoti matumizi yake Kanada mwaka 1976, imebaki kuwa nguzo. Uvimbe uliozama huhitaji kuondoa kibofu, dawa za kemikali au mionzi. Kwa Rwanda, mionzi hutolewa hospitali ya kijeshi ya Kanombe tangu 2019.

Damu kwenye mkojo, Kibagabaga

Dalili kuu ni damu kwenye mkojo, mara nyingi bila maumivu, na mara nyingi huja siku moja kisha hutoweka kwa wiki kadhaa. Hapo ndipo sehemu ya bahati mbaya ya wanawake inapoanzia, nayo haihitaji kipokezi kuelezwa. Mwanamume wa miaka 60 akikojoa damu, kila mtu hushtuka. Mwanamke wa umri huohuo huambiwa ni UTI, hupewa vidonge, damu hukatika kama ambavyo ingekatika hata bila vidonge, naye huhesabiwa amepona. Miezi hupita. Tafiti za nchi nyingi zimeona wanawake wakichelewa zaidi kupelekwa kwa mtaalamu baada ya damu ya kwanza.

Hospitali ya Kibagabaga hupokea wagonjwa wanaotumwa na vituo vya afya vya Gasabo, nayo huwatuma mbele wanaohitaji wataalamu zaidi. Mgonjwa wa damu kwenye mkojo huanza na vipimo vitatu vya kawaida: mkojo, damu, na picha ya mawimbi ya sauti ya figo na kibofu. Visipoonyesha maambukizi, au damu ikirudi baada ya maambukizi kutibiwa, kinachofuata ni kamera nyembamba ya kuangalia ndani ya kibofu na kukata kipande cha uvimbe ukionekana.

Kipande hicho huenda maabara. Cha titi kingepimwa kipokezi cha estrojeni kabla dawa haijachaguliwa. Cha kibofu hurudi na majibu ya mambo matatu: aina ya seli, ukali wake, na kama uvimbe umegusa misuli. Mstari wa vipokezi vya homoni haumo kwenye fomu hiyo, Kigali wala kwingineko.